Kaka yangu ana sonona sugu, dawa ilimkubali kisha akazama tena. Hii hali huendaje kadiri muda unavyokwenda?

Binti_Uluguru

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa wauguzi, wafamasia na mliopitia haya wenyewe.

Ni kaka yangu mkubwa. Anafundisha hesabu sekondari hapa Morogoro, ana mke na watoto wawili. Mwaka juzi aliugua TB ya mapafu akaanzishiwa dawa. Akiwa katikati ya dozi ndipo tulipoona amebadilika. Akirudi shule anajifungia chumbani. Chakula anakisukuma pembeni. Madaftari ya wanafunzi yakawa yanarundikana mezani, na huyu ni mtu aliyekuwa anasahihisha hadi usiku ili kesho yake ayarudishe. Saa tisa usiku yuko macho, amekaa ukingoni mwa kitanda. Siku moja akamwambia mkewe kwamba familia ingepumua kama yeye asingekuwepo. Siku hiyohiyo shemeji alitupigia simu, tukampeleka hospitali.

Wakampa amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja usiku. Usingizi ukarudi, lakini ule uzito ukabaki palepale. Akaitumia miezi kadhaa. Alipomaliza TB wakambadilishia fluoksetini ya miligramu 20, asubuhi. Kwenye wiki ya tano au ya sita tukaanza kumwona kaka yetu tena: kaenda sokoni mwenyewe, kabishana na jirani kuhusu Simba na Yanga, karudi darasani. Tulifurahi mno. Miezi minne hivi baadaye akaanza kuzama tena, na dawa anakunywa kila siku, shemeji ndiye anayempa mkononi.

Sasa kliniki wametaja "sonona sugu" na kusema ataonwa na daktari bingwa. Nataka kuelewa: dawa ikishamkubali mtu inaweza kumkataa? Wanaofika hatua hii, baada ya mwaka au miwili huwaje? Na nitajuaje kwamba dawa mpya inafanya kazi au tunapoteza muda? Nyumbani mama anataka dawa ziachwe twende kwenye maombi tu, baba mdogo anataka mganga wa Matombo. Mimi nimebaki katikati.

Kijana_wa_Ilala

Pole sana dada. Mimi si daktari, ila naona hizi dawa zinamfanya mtu awe tegemezi. Kuna ndugu yetu aliziacha, akaanza kukimbia asubuhi na kwenda kanisani, leo yuko vizuri kabisa. Mpunguzieni taratibu muone.

Nesi_Mstaafu_Dom

Dada, pole wewe na shemeji yako, na hongereni kwa kumfikisha hospitali siku ileile. Dawa zisiachwe wala zisipunguzwe kabla hajaonana na bingwa. Kijana amesema kwa nia njema, na mazoezi husaidia kweli. Lakini mtu aliyewahi kusema familia ingepumua bila yeye hapunguziwi dawa kwa ushauri wa mtandaoni, hata huu wangu. Maombi aende, wala hayagombani na kidonge. Mwambie mama kwamba wagonjwa wengi niliowahudumia walikuwa wakitoka ibadani Jumapili na kuja kliniki Jumatatu.

Nimefanya kazi wodi na kliniki za afya ya akili Dodoma mpaka nilipostaafu, kwa hiyo naandika kwa niliyoyaona na niliyosoma.

Kuna jambo kwenye maelezo yako limenishtua. Sonona huitwa sugu pale mgonjwa anapokuwa ametumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi inayotosha na kwa muda unaotosha, kwa kawaida wiki sita hadi nane, bila kupata nafuu ya maana. Tazama sasa ya kaka yako. Amitriptilini ya miligramu 25 usiku ni dozi ya kuanzia. Inaleta usingizi, inasaidia maumivu ya neva, lakini kwa sonona ya mtu mzima huwa inapandishwa polepole hadi kati ya 75 na 150. Wagonjwa wengi sana huku kwetu hubaki kwenye ile 25 kwa miezi, kwa sababu kliniki imejaa, anayewaona leo siye aliyewaona mwezi jana, na kadi inarudiwa kama ilivyoandikwa. Linaniuma jambo hili, maana mtu anaambiwa dawa imemkataa wakati hakuwahi kuipata ya kutosha.

Na alikuwa kwenye dawa za TB! Rifampisini, iliyomo kwenye vile vidonge vya TB, hulifanya ini livunje dawa nyingi kwa kasi, na amitriptilini ni mojawapo. Kwa hiyo hata ile kidogo aliyokunywa, iliyobaki kwenye damu ilikuwa pungufu zaidi. Mimi jaribio hilo la kwanza nisingelihesabu. Mwambieni bingwa tarehe za kuanza na kumaliza dawa za TB, msidhani ameziona kwenye faili.

Fluoksetini ni habari nyingine. Ile ilimkubali, kisha ikapungua nguvu, na ndiyo, hilo hutokea. Ila 20 nayo ni dozi ya kuanzia, ina nafasi ya kupandishwa hadi 40 au 60 daktari akiona inafaa. Kabla ya kusema imemkataa, bingwa atataka kujua mengi: je, kuna wiki dawa ilikosekana dukani? Ameanza pombe? Kuna dawa nyingine ameongezewa? Tezi ya shingo imepimwa? Damu je? Na kuna swali moja ambalo familia husahau kulijibu: je, maishani mwake amewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa akiwa halali na wala hachoki, anaongea mfululizo, anatumia pesa bila hesabu, ana mipango mikubwa? Kama ndiyo, lisemwe. Huo unaweza kuwa ugonjwa wenye pande mbili, na matibabu yake hayafanani na ya sonona.

Umeuliza huwaje kadiri muda unavyokwenda. Wiki mbili za kwanza mgonjwa hupata maudhi kabla ya faida: mdomo kukauka, kichefuchefu, choo kigumu, mikono kutetemeka, inategemea dawa. Kisha hurudi usingizi na hamu ya kula. Nguvu ya mwili nayo mara nyingi hutangulia, furaha ikaja mwisho. Hapo katikati ndipo familia iwe macho zaidi, kwa sababu mtu amepata nguvu ya kuinuka lakini moyoni bado giza. Dawa zikae kwa shemeji, zifungiwe, hasa vile vidonge vya amitriptilini vilivyobaki. Vikizidi ni hatari kwa moyo. Na asije akavichanganya na fluoksetini kwa kujiamulia, kwani fluoksetini huzuia ini kuivunja amitriptilini, ikajazana mwilini. Vilivyobaki rudisheni famasi ya hospitali.

Kama wiki nne zimepita kwa dozi nzuri na hakuna hata dalili ndogo ya kusogea, daktari hufikiria kupandisha au kubadili. Lakini kama kuna kusogea, hata kidogo, subira inalipa. Wengi hufika nafuu kamili baada ya wiki ya sita.

Marekani walifanya utafiti mkubwa uitwao STAR*D, matokeo yake yakatolewa mwaka 2006. Uliandikisha wagonjwa zaidi ya 4,000. Wote walianza na dawa moja, sitalopramu. Aliyeshindwa alihamishiwa hatua ya pili, ya tatu, hadi ya nne. Hatua ya kwanza, karibu asilimia 37 walipata nafuu kamili. Ya pili, karibu 31. Ya tatu 14, ya nne 13. Waandishi walikadiria kwamba kwa hatua zote nne, asilimia 67 wangepona. Mwaka 2023 watafiti wengine walizipitia upya takwimu zilezile kwa kufuata mpango wa awali wa utafiti, wakapata kama asilimia 35 tu. Nakupa zote mbili kwa sababu utakutana na ile ya kwanza kila mahali.

Na jingine la utafiti huo ndilo linajibu swali lako. Waliopona waliendelea kufuatiliwa hadi mwaka mmoja. Kati ya waliopona hatua ya kwanza, asilimia 40 hivi walirudi kuugua. Waliohitaji hatua nne ndipo wakapona, 71 walirudi. Yaani kadiri mtu alivyohangaika zaidi kufika, ndivyo alivyo rahisi kuteleza tena. Kilichompata kaka yako si uvivu wala si imani haba. Ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe, na ndiyo maana ufuatiliaji hauishi siku anapocheka.

Binti_Uluguru

Nesi, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili nikamsomea na shemeji kwa simu. Hakuna aliyewahi kutuuliza kuhusu dawa za TB.

Kuhusu pande mbili, hapana, hajawahi. Siku zote ni mtu wa utulivu. Pombe hanywi.

Binamu yetu aliyeko Marekani anasema kule kuna ketamini, mtu anaamka siku hiyohiyo. Anataka tuchangishe. Ni kweli?

Cherehani_MSA

Dada, nakusalimu kutoka Mombasa. Mie ndiye huyo mgonjwa, nakujibu nikiwa upande wa ndani.

Nimeishi na ugonjwa huu tangu mwanangu wa pili azaliwe, na sasa ashaota ndevu. Nilipewa sertralini, haikunifaa kitu ingawa dozi ilipanda vizuri. Nikapewa venlafaksini, ikaniinua nusu, kisha ikanirudisha chini kama alivyorudi kakako. Baadaye daktari akaniweka kwenye amitriptilini ya dozi kubwa na kuniongezea lithiamu, dawa ya kutuliza hisia. Hii ndiyo iliyonishika, na ninayo mpaka leo.

Mie ni fundi wa nguo, nashona madera na kanzu. Nikizama, vitambaa vya watu hukaa kwenye mifuko, simu naizima. Basi kupona kwangu sikukujua kwa furaha. Nilikujua kwa kazi. Kwanza niliweza kukata kitambaa pasi na kuogopa kukiharibu. Kisha nikaweza kushona upande mmoja wa dera nikapumzika, kesho yake nikamaliza. Siku mteja alipokuja kugombana nami kuhusu bei na mie nikamjibu, binti yangu alikuja mbio kutoka jikoni akanikumbatia. Hamu ya kuimba huku nikishona ilirudi mwisho kabisa, baada ya miezi.

Nakwambia haya kwa sababu uliuliza utajuaje. Usimtazame kakako usoni kila asubuhi ukimuuliza "leo waonaje?" Sie hatujui, na swali lachosha. Tazama yale madaftari. Akisahihisha matano badala ya sufuri, andika mahali. Daktari wangu hunipa pia ile fomu ya maswali tisa ya Kiswahili, ambayo jumla yake ni alama 27. Nilianza kwenye ishirini na kitu. Siku hizi nazunguka kwenye saba, nane. Chini ya tano ndiko wanakokuita kupona, na huko nimefika mara chache tu. Lakini kwenye ishirini nilikuwa sijui hata watoto wamekula nini, na kwenye saba nawalea. Huo umbali ni mkubwa sana kwangu, na sitaki mtu auite kushindwa.

Lithiamu ina masharti, ukimsikia daktari ameitaja usishtuke. Hupimwa damu kuona kiwango chake, na hupimwa figo na tezi ya shingo kila baada ya miezi. Kiwango kikizidi ni sumu: kutapika, kuharisha, kutembea ukipepesuka. Mikono yangu ilitetemeka nisiweze kutunga uzi kwenye sindano, daktari akapunguza kidogo, ikatulia. Mgongo ukiniuma kwa kukaa cherehani situmii diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa huipandisha lithiamu. Natumia parasetamoli. Na Ramadhani sifungi. Joto la huku na kukaa bila maji mchana kutwa, kiwango chapanda. Nilimuuliza daktari, nikamuuliza na sheikh, wote wawili jibu lao likawa moja, nalisha maskini. Nililia mwaka wa kwanza. Sasa nimeridhia, na futari napika mie.

Na bado napanda na kushuka. Mwezi wa mvua kubwa huwa mbaya kwangu. Tofauti ni kwamba nikishuka sasa sifiki chini kabisa, na huinuka mapema zaidi. Mume wangu azijua dalili kabla yangu: nikianza kuacha simu ilie, hunipeleka kliniki bila kungoja tarehe.

Nesi_Mstaafu_Dom

Cherehani, ahsante mno. Ningekuwa bado na wanafunzi ningewasomea hayo maelezo ya madera.

Dada Binti, kuhusu ketamini. Ni dawa ya usingizi wa upasuaji, na ni kweli inainua haraka. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2006, wagonjwa 18 wa sonona sugu, uliwapa dripu moja. Siku iliyofuata asilimia 71 walikuwa na nafuu kubwa. Wiki moja baadaye waliobaki na nafuu hiyo walikuwa 35. Kwa hiyo inarudiwarudiwa, na gharama inarudiwa nayo. Mwaka 2019 Marekani waliidhinisha ile ya kupuliza puani, esketamini, mgonjwa anakaa kituoni saa mbili akiangaliwa presha na akili kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Si dawa ya kununuliwa na kutumiwa chumbani. Nisingewashauri mchangishe fedha kwa ajili ya hilo wakati fluoksetini haijapandishwa na hakuna lililoongezwa juu yake. Hapa nyumbani bingwa ana mengi ya kufanya kwanza: kupandisha dozi, kubadilisha dawa, kuongeza lithiamu, au kuongeza dozi ndogo ya olanzapini au kwetiapini, dawa za magonjwa ya akili (hizo uzito na sukari vifuatiliwe). Pamoja na mazungumzo ya tiba kama yupo wa kuyafanya.

Akizidiwa sana, asile, asinywe, au mawazo ya kujiua yakawa mazito, msingoje tarehe ya bingwa, mpelekeni usiku huohuo na asiachwe peke yake hata chooni. Hapo anaweza kutajiwa tiba ya umeme. Watu huiogopa. Hufanyika mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, na kwa sonona nzito bado ni miongoni mwa tiba zenye nguvu kuliko zote. Kumbukumbu huvurugika, kwa wengi kwa muda. Ila nayo inahitaji kufuatwa na vidonge. Utafiti uliotoka 2001 uliwafuatilia waliopona kwa umeme: waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 84 waliugua tena ndani ya miezi sita. Waliopewa nortriptilini, dawa ya jamii moja na amitriptilini, peke yake, 60. Nortriptilini na lithiamu pamoja, 39.

Binti_Uluguru

Nimeelewa, binamu nimemwambia asubiri. Swali la mwisho: akiinuka safari hii, akae na dawa mpaka lini? Yeye mwenyewe ndilo analouliza kila siku.

Nesi_Mstaafu_Dom

Anayeugua mara ya kwanza na kupona kwa dawa ya kwanza huambiwa aendelee angalau miezi sita hadi tisa baada ya kupona. Kwa aliyeteleza kama kaka yako, madaktari wengi husema miaka miwili au zaidi, kwa dozi ileile iliyomponya. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 uliochukua watu waliokuwa wazima na dawa wanatumia muda mrefu. Nusu waliendelea, nusu wakaachishwa polepole. Ndani ya mwaka, 39 kati ya kila 100 walioendelea waliugua tena, na 56 kati ya walioachishwa. Msomee zote mbili. Ni mwalimu wa hesabu, ataona kwamba dawa haimhakikishii kitu na ataona pia kwamba kuna watu karibu 44 kati ya mia walioacha wakabaki wazima. Siku yake ya kuacha ikifika itajadiliwa na daktari, kwa kupunguza miezi mingi, siyo kwa kukatisha.

Kliniki nendeni na karatasi moja: jina la kila dawa, dozi, tarehe ya kuanza na kuacha, lini alianza kuinuka, lini alianza kushuka, na zile tarehe za TB. Shemeji aje naye chumbani, asibaki kwenye benchi. Na kama fluoksetini itapandishwa, ombeni mwonwe tena ndani ya wiki mbili badala ya mwezi.